Mkoba Kwenye Kiti cha Mama

Katika picha za harusi za binti wawili wa kwanza wa Mama Sono, mama yao hayumo. Baba yumo, amekaa wima na tai yake, uso umejaa furaha. Pembeni yake kuna kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe, kiti cha mama wa bibi harusi, na juu ya kiti hicho umekaa mkoba mweusi wa kike. Ukiwauliza binti wale mama yenu yuko wapi, watakuonyesha ukingo wa picha, kule nyuma ya spika, ambako kinaonekana kipande cha kilemba na sikio moja lililofunikwa na kaske, vile vifaa vya kusikilizia muziki peke yako. Alikuwa kazini.

Mji mzima tulimwita Mama Sono. Sono kwetu ni vyombo vyote vinavyopiga muziki wa sherehe: spika, ampli, waya, na miksa, ile meza ndogo yenye vitufe na taa ambapo nyimbo hukutana na kupangwa kabla ya kutoka nje. Alikuwa navyo vyote, na harusi za Kolwezi, mji wetu wa migodi, za Wakatoliki na za Waprotestanti, za watu wa Sandoa, wenyeji wa huku kwetu, na za watu ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, zilipita mikononi mwake. Mimi katika harusi hizo kazi yangu ni kusema. Siku za juma naandika karatasi za malori katika ofisi fulani, lakini Jumamosi nashika kipaza sauti, ambacho hapa tunakiita mikro, naita familia, nakaribisha zawadi, nachekesha wakwe. Ndiyo maana hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mikro.

Nimefanya naye kazi miaka mingi, na katika miaka hiyo nimegombezwa na mama huyu kuliko nilivyogombezwa na mama yangu mzazi. Sijutii. Nasimulia habari zake kwa sababu ya kile kiti. Binti yake wa tatu, kitinda mimba, alipochumbiwa, alitangaza mbele ya familia kwamba hataingia ukumbini siku ya harusi yake kama kwenye kiti cha mama kutakuwa na mkoba. Watu walicheka. Mama Sono hakucheka, maana alimjua mtoto wake.

Huwezi kuelewa kwa nini kukaa kitini kulikuwa mtihani kwake mpaka umwone akipanga vyombo. Alifika ukumbini mapema, wapambaji wakiwa bado juu ya ngazi na baluni zao. Kwanza aliuliza umeme unatoka wapi. Aliinua kisanduku cha soketi na kukiweka juu ya tofali ili maji ya mvua au ya wanaodeki yasikifikie, akalaza waya kando ya ukuta na kuzibandika chini kwa skochi, ule utepe mpana wa gundi, akikandamiza kwa kisigino. Magauni marefu ya mabibi harusi yalipita juu ya waya zile na hakuna aliyejikwaa. Kisha alichora mstari wa chaki mbele ya spika, na mtoto aliyeuvuka kwenda kutega sikio alishikwa mkono na kurudishwa kwa mama yake. Upande wa nyuma wa meza nao ulikuwa na mpaka wake.

"Mikro, toka hapo," aliniambia siku ya kwanza tulipofanya kazi pamoja. "Nyuma ya meza yangu ni Mashamba. Hauna kibali, hauingie."

Mashamba ni machimbo yetu ya wazi ya shaba na kobalti, na kweli mtu haingii mle hivi hivi.

"Mama, minatafuta tu prise ya telefone," nilimjibu, yaani soketi ya kuchajia simu. "Batri inaisha."

"Ikufe. Prise ya hapa ni ya mashini. Batu bakose muziki juu ya telefone yako?"

Halafu, bila hata kunitazama, akatoa mfukoni betri ya akiba na kunipa. Nilikuja kuzoea. Akikufukuza, subiri kidogo, kuna kitu atakupa.

Waya zilikuwa na adabu zake. Ole wako azione unazikunja kwa kuzizungusha kwenye kiwiko, kama tunavyofanya sote. Alikunyang'anya, akaufungua waya wote, akaukunja upya kwa mizunguko mipana, taratibu, akiufuata unavyotaka kwenda. "Huyu anakumbuka," alisema. "Unamuvunja leo, anakunyamazia siku ya arusi." Mwenzangu katika kugombezwa alikuwa mume wake mwenyewe, dereva mstaafu wa malori makubwa ya mgodini, ambaye ndiye aliyebeba spika na ndiye aliyekunja waya vibaya kuliko sisi wote.

Kuhusu miksa alikuwa na mafundisho, na yote yalikuwa ya nyumbani. Kila wimbo au mikro inayoingia kwenye miksa ina kitufe chake kinachoteleza juu na chini. Vitufe hivyo aliviita watoto. Kile kikubwa kinachoamua sauti yote itakayotoka alikiita mama. Na juu ya kila mtoto kuna kitufe kidogo cha kuzungusha, kinachopima nguvu ya sauti inayoingia, ambacho wapiga muziki wengi hawakijali kabisa.

"Mutoto unamulisha kwanza huku juu," alisema, kidole kikiwa kwenye kile kitufe kidogo. "Taa ikikuwa ya kijani, anashiba. Ikikuwa orange kidogo, anafurahi. Ikikuya nyekundu, unamupatia ya kupita, atatapika mu spika. Na kama batoto banapiga makelele, haupandishe mama. Unashusha batoto."

Vijana wa mji waliipenda ile taa nyekundu, kwao ndiyo dalili kwamba sherehe imewaka. Yeye alisema nyekundu ibaki kwenye nyanya na kwenye barabara za Kolwezi.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya ampli, lile sanduku zito linalosukuma sauti mpaka kwenye spika. Ampli huwashwa mwisho, baada ya miksa na vingine vyote kuwaka na mama kushushwa hadi chini. Wakati wa kufunga, ampli ndiyo huzimwa kwanza. Ukikosea mpango huo, spika hupiga kishindo kinachoweza kuzipasua. Mwingine angeiandika sheria hiyo kwenye karatasi na kuibandika. Yeye alisema ampli ni tata wa nyumba, yaani baba mwenyewe.

"Tata anaamuka wa mwisho, na analala wa kwanza. Njo vile."

"Mi niko hapa, minasikia yote!" mume wake alijibu kutoka nyuma ya gari, spika ikiwa begani.

"Sikia tu. Unaamukaka saa ngapi, weye?"

"Wakati chai iko tayari."

"Munaona?" alituambia, na mume ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mchana wowote wa kiangazi malori ya kutoka Fungurume yakipita, vumbi linaingia hadi ndani ya sukari. Kwa hiyo miksa ilikuwa na kitenge chake, cha nta, kizuri kuliko vingi alivyovaa yeye mwenyewe. Aliivua miksa kitenge dakika ya mwisho na kuivalisha tena mara tu muziki ulipokwisha, na alikuwa na brashi ndogo ya mchoraji ya kufagilia kila mfereji wa kila kitufe. Mama mmoja mgeni kutoka Lubumbashi aliwahi kukipenda kile kitenge akamwomba amuuzie. Mama Sono alimjibu kwa heshima zote kwamba haiwezekani, ile ni nguo ya mtu.

Na vinywaji! Hakuna chupa wala bilauri iliyoruhusiwa kutua kwenye meza ile. Mjomba mmoja wa bwana harusi, mtu mzito, alikuja kuomba wimbo na bia yake mkononi. Mama Sono alimsikiliza kwa tabasamu, akaichukua ile bilauri mkononi mwake, akatangulia nayo, mjomba akamfuata bila kupenda hadi kwenye kiti chake, akakalishwa, akarudishiwa bia yake, akapigiwa pia wimbo wake. Watu waliokuwa karibu walidhani ni heshima fulani ya kimila. Yeye mwenyewe hakunywa kitu sherehe nzima, wala hakula. Sahani yake ilifunikwa na kupelekwa nyumbani. "Arusi ya batu mi minaikulaka kesho yake," aliniambia, "na iko baridi." Alilisema kwa kicheko, lakini mimi lilinikaa moyoni.

Usifikiri alikuwa mtu wa sheria tu. Nakumbuka harusi moja, bwana harusi wa familia ya Kasai, bibi harusi wa Sandoa. Wajomba wa upande wa bibi harusi walitaka ngoma za kwao, shangazi wa upande wa bwana harusi walitaka mutuashi, ule muziki wa Kasai wa kuzungusha kiuno, na wote walinijia mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye mikro. Nikaenda kwake na jasho langu. Kwenye miksa kuna kitufe kimoja kinacholala kati ya pande mbili: ukikisukuma kushoto unasikia wimbo wa kushoto, kulia wa kulia, na katikati zote mbili. Mama Sono akaweka ngoma za Sandoa upande mmoja, mutuashi upande wa pili, akatega sikio moja kwenye kaske, akauchelewesha wimbo mmoja kidogo mpaka miguu ya nyimbo zote mbili ikawa inakanyaga pamoja. Kisha akaanza kukisukuma kile kitufe, polepole, polepole kabisa. Wazee wa Sandoa walikuwa katikati ya ukumbi wakicheza kwa fahari yao, na mmoja wao alipokuja kushtuka, kiuno chake kilikuwa kinazunguka mutuashi. Alitazama kiuno chake, akatazama meza yetu, akaamua kuendelea. Mimi nilitaka kulitangaza tukio hilo. Mama Sono alinishika mkono wa mikro na kuushusha.

"Usibaamushe," alisema.

Na mtu huyu huyu, nyumbani kwake hapakuwa na redio. Ukienda kumtembelea siku ya kawaida unakuta kimya kama cha kanisa siku ya Jumanne. Ukiongea kwa sauti anakunja uso, ingawa yeye mwenyewe akizungumza jirani wa tatu anasikia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema masikio ni mawili tu na hayauzwi sokoni, na kwamba yake amewatuma kazini Jumamosi yote, Jumapili amewapeleka kanisani, basi siku zingine wapumzike. Aliyataja kama watu. Kwake kila kitu kinachofanya kazi kilikuwa mtu.

Lililomzuia kukaa kwenye kile kiti alilijua mume wake, naye ndiye aliyenisimulia. Siku ya harusi yao, zamani, waliingia ukumbini kwa zile hatua zetu za taratibu, mguu mmoja, tua, mguu mwingine, tua, ambazo tunapenda kuzirefusha mpaka wenye njaa wanaomba rehema. Walikuwa hawajafika katikati spika zikapiga kishindo kimoja na kunyamaza kabisa. Mwenye vyombo alikuwa ameenda kutafuta bia. Bwana na bibi harusi wakatembea ukumbi mzima bila muziki, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ni ishara mbaya.

"Nilisikia biatu byangu, Mikro," mzee aliniambia. "Kwa, kwa, kwa. Na mama wa hapa nyumbani alikuwa analia. Batu banasema ni furaha. Haikukuwa furaha."

Ndoa yao, kwa kuwatazama, ndiyo iliyokuwa jibu zuri kwa wale wanong'onaji. Lakini mke alikuwa amejiapiza kwamba hakuna msichana atakayeingia ukumbini kwa sauti ya viatu, na binti zake ndio kabisa. Sasa utamwambiaje mtu wa namna hiyo aiachie miksa kwa mwingine, siku ambayo anayeingia ni mtoto wake?

Alijaribu, tumpe haki yake. Harusi ilipokaribia aliwaita wapiga muziki wa mji, mmoja mmoja, waje nyumbani wamwonyeshe. Wa kwanza alikuja na miwani ya jua, akawasha ampli kabla ya miksa. Kishindo kilichotoka kiliamsha mbwa wa mtaa. Mama Sono alimpa chai, akamwuliza habari za wazazi wake, akamsindikiza hadi barabarani. Wa pili alijua kazi, taa zake zilikuwa kijani safi, lakini kila wimbo ulipofika patamu alitaja jina lake mwenyewe juu yake. Wa tatu alifanya vyote vizuri, na mimi niliyekuwa nimealikwa kama shahidi nikaanza kushusha pumzi. Mwisho wa yote akachukua waya na kuuzungusha kwenye kiwiko.

"Mama," binti alisema baada ya huyo wa tatu kuondoka, "sema tu unataka kuweka mukoba."

"Hapana, mutoto wangu. Mi minatafuta mutu."

"Unatafuta weye mwenyewe. Na weye uko mumoja."

Binti aliondoka sebuleni. Tulibaki mimi, mzee na Mama Sono. Alinitazama, na sikupenda alivyonitazama.

"Mikro."

"Mama."

"Miaka yote minakugombeza. Makosa ya mashini hii, yote unaisha kufanya. Haibakie hata moja."

"Mama, mi ni mutu wa kusema. Nani atasema?"

"Batu ya kusema habakosekane," alijibu, na mzee alicheka mpaka akakohoa.

Basi jioni baada ya kazi nikawa naenda kwao kujifunza, mtu mzima na tumbo langu. Alinifanya nianze na kuunganisha waya vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Kisha miksa, kisha mama chini kabisa, kisha watoto mmoja mmoja kulishwa hadi kijani. Tulifanya yote kwa kaske tu, ili nyumba isisumbuliwe, na hata kwenye kaske alikuja kunipunguzia sauti kwa sababu, alisema, nikiwa kiziwi nitaanza kuwapigia watu kelele nikidhani ni muziki. Alikaa nyuma yangu mikono ameibana kwapani isije ikanisaidia. Nilimsikia akivuta pumzi kila niliposogeza kidole. Nilipoweza kuunganisha nyimbo mbili bila miguu ya nyimbo hizo kukanyagana, hakunisifu. Alienda jikoni akaniletea karanga, na kunikumbusha ninawe mikono kabla ya kurudi kwenye miksa.

Siku ya harusi nilifika ukumbini na wapambaji nikamkuta tayari yupo. Karibu nisimtambue. Amesukwa, amevaa kitenge cha sare ya familia, masikio yote mawili yapo nje. Alitembea kando ya ukuta akiangalia skochi zangu, akainama kuangalia tofali chini ya soketi, akasimama mbele ya miksa. Hakugusa kitu. Kisha akaingia nyuma ya meza, mle Mashamba, akauweka mkoba wake mweusi kwenye kile kiti chake cha miaka yote.

"Mukoba utakaa huku," alisema. "Mi minaenda kule."

Alisema hivyo lakini hakuondoka. Mume wake ndiye aliyevuka ukumbi, suti mpya, akampa mkono. "Kuya, mama. Kiti inakungojea." Wakaenda pamoja, naye akakaa kama mtu anayekaa kwenye kiti kilichopakwa rangi leo asubuhi. Niliona pazia la mlangoni likisogezwa, jicho moja la bibi harusi likachungulia, likaona kiti, pazia likarudi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoingia. Msemaji waliyempata, binamu wa bwana harusi, alisema kidogo na vizuri, na hilo nalo liliniuma kidogo. Nilipandisha mama. Mguu mmoja, tua, mguu mwingine, tua. Taa kijani, kijani, kijani. Walipokaribia katikati ya ukumbi, umeme wa mji ukakatika.

Kimya. Na katika kimya kile, nyote mnajua nilichosikia. Viatu. Hatua moja, ya pili, kisha bibi harusi akasimama na kutazama kwenye kiti cha mama.

Mikono yangu ilifanya kazi kabla yangu: ampli nikaizima kwanza, mama chini, watoto chini. Nje mtu alikuwa anavuta kamba ya jenereta, nayo inakohoa. Nikainua macho. Mama Sono alikuwa amenyanyuka nusu, kiganja juu ya meza, macho kwangu. Nilijua akisimama atakuja, na akija atafanya kila kitu vizuri kuliko mimi, na kiti kitabaki kitupu mbele ya mtoto wake. Sikuwa na sauti ya kumwambia. Mikro yenyewe ilikuwa imekufa.

Aligeuza uso akamtazama binti yake. Kisha mama huyu, ambaye katika miaka yote sikuwahi kumsikia akishangilia katika sherehe ya mtu, alifungua kinywa akapiga kigelegele. Kirefu. Kilipofika mwisho alivuta pumzi akaanza kingine, na mume wake akaanza kupiga makofi kwa mikono ile mikubwa ya udereva, mguu mmoja, pa, mguu mwingine, pa. Shangazi wakadakia, wamama wa kanisa wakadakia, wa Kasai na wa kwetu, ukumbi mzima ukawa makofi na vigelegele. Bibi harusi akacheka kwa sauti akainua gauni lake. Wakaendelea kutembea.

Jenereta ilinguruma. "Washa! Washa mashini!" wajomba walinipigia kelele kutoka kila upande. Sikuwasha. Taa za ukumbi zilikuwa zinapanda na kushuka, na umeme wa namna hiyo huua vyombo.

"Unangojea nini, tata?" mmoja alinijia hadi mezani.

"Tata anaamuka wa mwisho," nilimwambia, naye akaniona nimerukwa na akili.

Taa zilipotulia niliwasha miksa. Mama chini. Nikavaa kaske, nikautafuta wimbo, nikauchelewesha mpaka miguu yake ikakanyaga pamoja na makofi ya ukumbi. Ndipo nikawasha ampli. Kisha nikaanza kumpandisha mama, polepole, polepole kabisa, chini ya vile vigelegele, na mpaka leo hakuna anayeweza kuniambia ni wapi makofi yaliishia na wimbo ukaanza. Nililia, nasema wazi. Bibi harusi alifika mbele, hakwenda kwenye kiti chake, alikwenda kwanza kwenye kiti cha mama yake, na mpiga picha alikuwepo.

Mama Sono alikula bukari, ugali wetu, na kuku vikiwa bado vya moto. Nilimwona akiomba nyama ya pili. Halafu alicheza, na nikagundua kwa nini alikuwa akituambia miaka yote kwamba hajui kucheza: alicheza vibaya sana, na hakujali hata kidogo. Mtu mwema aliona nina kiu akanipa bilauri ya bia, nami kwa furaha yangu nikanywa kidogo, nikaiweka kando nitafute wimbo unaofuata.

Mama Sono alikuja mezani akicheza, mume nyuma yake. Alitazama taa, zilikuwa kijani. Alitazama skochi. Kisha akatazama pembeni ya miksa, na mimi nikafuata macho yake. Bilauri yangu ya bia ilikuwa imekaa pale mezani, karibu imejaa, ikitoka jasho.

"Mikro."

"Mama, minaomba..."

"Kumbe moja ilibakia," alisema.

Aliinua ile bilauri. Nilifikiri atanitangulia nayo hadi kwenye kiti fulani anikalishe. Badala yake, akiwa amesimama pale pale mbele ya miksa, aliinywa yote mpaka mwisho bila kupumzika, huku mume wake nyuma yake akimhesabia mafundo kwa kuchezesha mabega. Akanirudishia bilauri tupu, akafuta kile kiduara cha maji mezani kwa ncha ya kitenge chake cha sherehe, akarudi katikati ya ukumbi. Mkoba wake aliusahau kwenye kiti changu, na kesho yake ni mimi niliyeupeleka nyumbani.